Maboksi ya Maziwa

Juma la pili la Juni. Hapa Buffalo
ziwa limechoka kutupulizia baridi,
nami nazunguka, funguo zikililia kiunoni,
nafungua makabati ya wavulana waliosahau namba zao.

Kabati 206: ndizi ya mwezi wa nne,
nyeusi kama kiatu cha askofu.
219: tai tatu zilizofungwa tayari, maana Cormac Tierney
miaka minne hakujua kufunga;
mama alifunga, yeye akaingiza kichwa
kama mbuzi anayeijua kamba yake.
231: bahasha ya chuo, haijachanwa.
Hiyo niliitia mfukoni, nikampelekea mwenyewe, Saw Eh Doh.
"Ilidondoka," nikasema.
Akaikunja mara mbili, akaniuliza kama kuna mopu nyingine.
Tukapiga deki korido yote bila neno.

Mwaka wetu haufi kwa kengele. Unakufa kwa harufu:
nta ya sakafu, fulana za mpira wa kikapu, ubani wa jana,
na mpishi Bernadette anayekomba friza
akitulisha samaki siku tatu mfululizo,
iwe Ijumaa, isiwe Ijumaa.

Bruda Kazimierz ana miaka themanini na mmoja.
Walikuwa mabruda thelathini na wanne katika nyumba ile ya matofali;
sasa sahani ni moja, na nyumba imeuzwa.
Kila Machi, theluji ikiwa bado usawa wa goti,
yeye huotesha nyanya dirishani mwa maabara
kwenye maboksi ya maziwa anayookota kantini,
mche mmoja kwa kila anayemaliza.
Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Yeye huwapa siku ya kuondoka.

Mwaka huu wanaomaliza ni themanini na saba,
miche themanini na sita.
Nilimwona akihesabu, kidole kikitetemeka juu ya majani,
akarudia kuanzia upande wa pili
kana kwamba hesabu ina mlango wa uani.

Misa ya mwisho. Mama zao wakijipepea kwa karatasi za nyimbo.
Kwaya ikaanza juu mno, besi zikabaki chini zikitafuta ngazi.
Majina kwa alfabeti, boksi kwa jina.
Wa mwisho, Tymon Żurek, akanyoosha mikono
na mikono ikabaki hivyo.
Bruda akapapasa meza. Akapapasa kanzu.
Kisha akainama chini ya kitambaa, akatoa birika lake la kumwagilia,
limebonyea ubavu, mdomo umepinda,
akampa kwa mikono miwili kama kalisi.
Wenzake wakacheka hadi benchi zikalia.
Tymon hakucheka.

Jioni nikapita na toroli.
Mche kwenye ngazi. Mche chooni, juu ya mashine ya kukaushia mikono.
Miwili kituo cha basi, mmoja chini ya gari la mtu.
Kumi na mmoja kwa jumla. Siwalaumu;
nani mwenye miaka kumi na minane huenda dansini na nyanya?
Bruda sikumwambia.

Asubuhi gari la nyumba ya wazee likamchukua.
Alikaa mbele, begi moja, kioo kimeshushwa,
akimwelekeza dereva namna ya kutoka getini,
na dereva alikwisha kutoka.

Saa nne akaja Tymon, birika mkononi,
akanikuta nachimba nyuma ya nyumba iliyouzwa.
Wanunuzi watakuja Agosti na tepu zao za kupimia;
watakachokuta hapa watakula au watakanyaga.
"Kuna uliobaki?"
"Kumi na mmoja. Chagua."
Akaitazama yote. Akalitazama birika.
Hakuchagua. Akaenda bombani, akajaza,
likavuja njia nzima.