Sekunde Thelathini, Kibuye

Saa nane na robo. Miguu mitatu ya chuma
inasimama kwenye lami kama ndama aliyezaliwa leo.
Nafungua jicho la kamera, nahesabu kimoyomoyo.

Mwanamke anavuka na karai la omena kichwani.
Picha haimjui. Imebaki na tochi yake tu,
uzi mweupe uliolidarizi giza.
Bodaboda naye: mstari mwekundu, basi.
Wadudu wa ziwani kwenye taa ya kona
wamekuwa ukungu, utadhani taa inatoka jasho.

"Unapiga nini na hapa hakuna mtu?"
Ni Wasonga, bawabu wa duka la magodoro,
koti refu, redio isiyo na betri.
Namwambia, anayetembea hapati sura humu.
Usitikisike. Hesabu thelathini.
"Thelathini? Miaka kumi na mitatu
sijatikisika hapa, binti."
Akakaa.

Nikaitazama kwenye kioo kidogo:
kufuli limetoka sawasawa, na rungu,
hata kifungo cha koti kilichokatika,
na juu ya kola, pale palipostahili uso,
kicheko,
kimefutika kidogo upande wa kushoto
kama mtu aliyekwisha kuanza
safari ya nyumbani.