Asili Chini ya Mstari

Shuleni tulifundishwa: namba ya juu ni kiasi,
ya chini ni asili,
na katikati mstari, mwembamba kama ukingo wa sahani.

Ndiyo kazi yangu sasa, Bristol, ghorofa ya tatu,
dirisha halifunguki, chai imeshapoa:
nachukua kata, nahesabu watoto wake wa miaka kumi na mitano,
nawaweka chini.
Nasubiri miaka minne.
Halafu nahesabu waliobisha hodi chuo kikuu wakafunguliwa,
nawaweka juu.
Nagawanya. Napaka rangi.

Rangi ni tano. Buluu iliyokolea
kwa kata ambazo mtoto huulizwa, "Utasoma chuo gani?"
Hafifu, karibu nyeupe,
kwa kata ambazo huulizwa, "Utaanza kazi lini?"
Kata. Neno lenyewe ni kisu.

Leo zamu ya Saltgarth.
Sikumwambia mtu.
Saltgarth, mashariki ya Hull, nyuma ya kiwanda
kinachounda nyumba za magurudumu
ili watu wengine waende likizo.
Asili: mia mbili na kumi na moja.
Kiasi: ishirini na tatu.
Mashine haikusita. Ikapaka weupe.

Mmoja wa wale ishirini na tatu ni mtoto wa dada yangu, Reece Stathers.
Aliingia Leeds mwezi wa tisa na sufuria mbili,
akarudi kabla ya Krismasi na moja.
Hakueleza. Hatukuuliza.
Kwenye jedwali bado ni mmoja, mzima, hana doa:
kanuni hupima kuingia,
kutoka hakuna safu yake.

Jodie Blenkin yuko chini.
Jodie, aliyekuwa akitusahihishia watu wazima hesabu za bingo
akiwa hata meza haimfiki kifuani.
Kwenye kumi na nane alikuwa akimlisha baba yake kwa kijiko.
Nitaenda, aliniambia, mambo yakitulia.
Yatatulia akiwa na ishirini na sita, au thelathini na moja,
na ujana, kwa kanuni yangu, huisha kwenye kumi na tisa,
saa sita kamili za usiku, kama tiketi ya basi.

Na mama, Maureen Oxtoby,
aliyesomea shahada mezani jikoni akiwa na hamsini na mbili,
kitabu kimeegemezwa kwenye boksi la skurubu,
plasta vidoleni, kalamu ikiteleza,
mama hakuwahi kuwa hata asili.
Nimemtafuta. Hakuna jedwali linalomfikia.

Usinielewe vibaya. Naipenda namba.
Bila namba, wakubwa wangesema
watoto wa Saltgarth ni wavivu, basi,
wakaagiza kahawa nyingine.
Namba huwabana. Mwaka jana ilileta mwalimu wa fizikia.
Ila kupima si kujua:
fundi cherehani hupima kifua
asijue kilichomo.

Mia moja themanini na nane.
Nimewatoa waliopanda, hao ndio waliobaki,
na hawako popote isipokuwa chini ya mstari,
wameishikilia asili
kama watu wanaoshika ngazi ili mwingine apande,
shingo zimepinda, vumbi la viatu linawaingia machoni.

Alistair akapita na koti lake mkononi:
"Umemaliza mashariki?"
Bado, nikasema.
Nikaikuza ramani mpaka Saltgarth ikajaa kioo chote,
nyeupe tupu, kama karatasi ya mtihani
kabla mtu hajaandika jina.

Kwenye tanbihi nikaandika: wapo wengine.
Nikafuta. Si lugha ya ofisi.
Nikaandika tena,
kwa herufi ndogo kadiri mashine inavyoruhusu,
nikahifadhi,
nikazima taa.