Kitufe Bubu

Jumapili, Greenock, mvua ya rasharasha,
ile isiyomfukuza mtu wala kumwacha mkavu.
Magari yamepangwa kitakotako, buti wazi,
na katika buti la tatu, kati ya pasi na birika,
nikaiona: kibodi, nzito kama tofali,
waya umejisokota kama mkia wa nguruwe,
rangi yake iliyokuwa ya maziwa
sasa ya chai iliyosahauliwa.

"Pauni kumi na mbili," akasema Bi Ishbel Lamont,
kofia ya sufu imemfika nyusi.
"Ila sikufichi: kile kirefu cha chini ni bubu.
Haya, toa kumi."
Akaipapasa mgongoni, mara moja,
kama ng'ombe anayetolewa zizini.
"Tuliziunda hapa hapa, bondeni. Mimi mstari wa pili.
Kazi yangu ilikuwa kusikiliza."
Sikuuliza kusikiliza nini. Mvua ilizidi.
Nikalipa kumi na mbili.

Nyumbani nikatandika gazeti,
vitufe mia na viwili nikaving'oa kwa mkia wa kijiko,
nikavitia katika beseni la maji vuguvugu
pamoja na vidonge vya kusafishia meno ya bandia.
Povu likapanda. Q juu ya M, saba kifudifudi,
lugha yote imerudi kuwa uji.

Ya chini yake sikusimulii.
Makombo ya biskuti ya miaka thelathini,
nywele za paka mwekundu, nusu ya aspirini.
Nilipogeuza bamba, ribiti za plastiki zikadondoka
kama meno ya mtoto wa miaka sita.
Ndio ugonjwa wa ukoo wao.
Nikashika drili ndogo, tundu baada ya tundu,
pumzi nimeibana, na bado mkono uliteleza
nikatoboa pasipotakiwa
(nilitukana; ukuta ni shahidi),
skrubu na nati, skrubu na nati,
hadi saa saba usiku mgongo ukaomba talaka.

Springi ya E ilikuwa imepinda shingo.
Nikainyoosha kwa kibano, ikakataa.
Nikahamisha ya kitufe kimoja cha pembeni
ambacho sijawahi kumwona mtu akikigusa.
Kufa kufaana.

Kisha nikamfikia bubu.
Nilitarajia kutu.
Nikakuta kipande cha flana, kimekunjwa mara nne,
samawati, chenye nusu ya bata wa manjano,
kimepindwa ukingo na mkono usiojua sindano.

Jumapili iliyofuata nikampelekea.
Alikaa kwenye mdomo wa buti, akakitazama.
"Farquhar," akasema.
"Mwaka ule karakana ya meli ilipomtema
aliandika barua za kuomba kazi, usiku, jikoni,
na Catriona ana miezi mitatu nyuma ya ukuta wa mbao."
Akacheka hadi kofia ikamfunika macho.
"Vitufe mia na kimoja vinapiga kama mvua ya mawe kwenye bati,
yeye akaziba kimoja!"

Hakuisukuma kofia juu upesi.
"Mtoto hakulala hata siku moja.
Na mimi nikidhani kimeharibika.
Mimi, niliyelipwa kusikiliza."

Nikamnyoshea flana. Hakupokea.
"Irudishe ilipokuwa. Imeshapazoea."

Basi haya nayaandika kwayo.
Kila herufi inapiga kelele zake,
springi inajikunja, inaruka, inajikunja,
jirani wa juu amegonga sakafu mara mbili.
Lakini neno likiisha, kidole gumba
kinakanyaga flana, na hakisikiki kitu,
na neno linalofuata linasita kidogo,
kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango
akitega sikio kama mtoto amelala.

E bado inakwama siku za baridi.
Nikipata springi nyingine, nitaona.