Kisichokaangwa

Nilikiokota Utange, mwezi wa pili,
nyuma ya tingatinga lililokuwa likifyeka kichaka
pajengwe godauni.
Kilikuwa kimelala ubavu, ukubwa wa ngumi ya mtoto,
maganda rangi ya chai ya mkandaa,
mizizi ikining'inia kama uzi uliofumuka.
Luvuno, dereva, akapaza sauti juu ya injini:
"Mama, hicho kitunguu mwitu, hakiliwi!
Hata mbuzi hukiruka."

Nikakitia mkobani, kati ya risiti na leso ya akiba.

Vitunguu navijua. Miaka kumi na saba Kongowea
nauza vile vyekundu vinavyoshuka na lori usiku,
navijua kwa kuvibana shingoni,
navijua kwa mchakacho wa maganda umeme ukikatika.
Kilichooza kidole hukijua kabla ya pua.
Lakini hiki nilikibana, kikanyamaza.
Nikakikwaruza kwa ukucha:
hakina harufu, hakikuniliza,
utomvu tu, ulioniwasha vidole mpaka isha.
Kumbe hata jina ni la kukopeshwa.
Deni hilo hakilikumbuki.

Uani kwangu, Mtopanga, ni upana wa mikeka miwili.
Ukichimba shubiri moja jembe linalia juu ya matumbawe.
Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu.
Mchicha ulinyauka, nyanya zilizaa gololi,
mlangilangi nilionunua kwa bei ya kuku
uliishi kuliko kuku, lakini si kwa muda mrefu.
Nikakizika kando ya tangi, shingo nje
kama mtu anayeoga baharini na hajui kuogelea.

Kisha nikakipenda vibaya.
Kila alfajiri kikombe cha maji, cha kununua, cha mkokoteni.
Siku ya kumi na nne kidole kikaniambia:
upande wa kibla kimeanza kulainika.

Aliyekiokoa ni shemeji yangu Nyevu,
wala si kwa ujuzi. Nilikwenda harusi Malindi siku tisa,
nikamwachia kikombe na maelekezo,
naye akasahau vyote viwili.
Nikarudi: ardhi imepasuka, chungu wamepita,
nacho kimekaza kama jiwe la kusugulia kisigino.
Nyevu akaomba radhi. Nikamkatia kipande cha halua.

Wasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe nililikuta mkononi mwangu.
Nikalitazama. Nikakitazama.
Nikahesabu nani kamkuta nani.

Machi ikapita, sikukigusa.
Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa Jumanne,
ikapiga mabati kama mtu anayedai kodi.
Siku ya nne, bila jani hata moja, ukatoka mwiba wa kijani;
siku ya nane ulikuwa urefu wa mkono
na maua mengi madogo, meupe ya kufifia,
ambayo hayangemfaa bibi harusi.
Yalifunguka alasiri. Nyuki watatu wakaja,
sijui habari waliipata kwa nani.

Mwinyihaji akachungulia juu ya ukuta, mswaki mdomoni.
"Hicho wakipikia nini?"
"Sikipikii."
"Dawa?"
"Si dawa."
"Basi wakifanyia nini?"
Nikafikiri mpaka mswaki ukatoka mdomoni.
"Mimi? Nimeacha kukinywesha."
Akatikisa kichwa, akarudi kwake.

Huko Utange ukuta wa godauni umefika shingoni mwa mtu.
Nilipita juzi, nikashuka, nikatafuta ndugu zake
kwenye rundo la udongo. Niliona maganda mawili.
Moja lilikuwa karatasi.

Usiku huu nakaanga vya lori, viwili, vyembamba,
mafuta yanachemka, nafuta macho kwa kiwiko.
Dirisha li wazi. Kando ya tangi
kile kingine kimeshafunga maua yake,
na mvuke wa sufuria yangu
unampita kama salamu aliyotumiwa mtu mwingine.