Ramani ya Mguu

Asubuhi miguu yangu ni miguu.
Ikifika saa kumi ni mito ya sofa,
ngozi imevutika hadi yametameta;
bonyeza, kidole kinaacha kishimo
na kishimo hakiondoki, kinakaa
kama mgeni aliyesahau kuaga.

Ni moyo, alisema daktari kule Russia
(Russia ya Kisumu, si ile ya theluji).
Sikumbishia. Ila moyo hauvai viatu.

Chini ya kitanda mna jozi sita.
Vile vyeusi vya harusi ya Akumu.
Raba za enzi zangu za urefa wa netiboli,
filimbi mdomoni, chokaa ya uwanja soksini,
wasichana wakininung'unikia
kwa kuwa nilikimbia kuwapita na nikaona kila kosa.
Nimejaribu zote. Nimejaribu hata vya marehemu,
vya ngozi, namba kumi na moja:
vilinipokea wiki mbili,
lakini uzito wake! Kila hatua, mazishi upya.

Patipati? Mkanda wake hupita kati ya vidole
na vidole vyangu siku hizi havina kati.
Akala? Tairi ni tairi,
lilizaliwa kubeba lori la miwa.
Nikabaki peku, ukuta ndio mkongojo,
mlango wa uani ukiwa mbali kama Busia.

Ndipo Nyangweso, mjukuu wangu, akang'oa Julai
kwenye kalenda ya duka la mbolea,
akaigeuza, akapiga magoti na kalamu.
"Ngoja jioni," nikamwambia.
"Chora mguu mbaya. Ule mzuri hauna shida na mtu."
Akangoja. Akachora.
Kalamu ilipopita karibu na unyayo nilicheka,
kicheko changu cha kwanza tangu Pasaka.

Jumapili akaipeleka Julai Kibuye.
Muuza mitumba akaishika juu, akaita wenzake:
"Jamani, hii ni ramani ya kaunti gani?"
Wakacheka. Kijana aliniambia hilo usiku,
akitazama taa, si mimi.

Lakini huko nyuma, karibu na wachoma mabati,
kulikuwa na fundi mmoja Mragoli, jina lake Asava.
Aliilaza karatasi pajani, akanyoosha mikunjo,
akauliza maswali yake:
Anavaa mwenyewe au anavalishwa?
Anaweza kuinama?
Kwake ni saruji au udongo?

Miaka minne ya miguu hii,
na hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu sakafu.

Soli aliikata kwenye mkeka wa sponji,
ule wa watoto wa nasari, wenye herufi.
Juu, turubai laini, inafunguka yote
kama bahasha iliyokwisha kusomwa;
velkro mbili ndefu, na kitanzi kirefu nyuma
cha kuvutia kwa ncha ya fimbo.
Shilingi mia nne na hamsini.
Njiani Nyangweso akaomba mizani ya mama wa omena:
jozi nzima haikufika robo kilo.

Nilivaa mwenyewe. Andika hilo.
Nilivaa mwenyewe, nimeketi, fimbo mkononi,
na mtu yeyote asinisaidie.

Saa kumi uvimbe ukaja, haukosi zamu.
Nikabandua velkro, nikaisogeza nusu inchi.
Kiatu kikanipisha.

Nikatoka hadi langoni, kwenye vumbi.
Soli ya kulia ina M iliyochongwa katikati,
nami sikujua, hadi nikasikia nyuma yangu
kitoto cha jirani, kidole kikielekea chini,
kikizifuata nyayo na kuzisoma kwa sauti:
Em. Em. Em.
Kwa mwendo wangu
hakikukosa hata moja.