Vibao Vinne

Nimeipima kete kwa rula ya shule ya mwanangu:
unene, sentimita moja na kitu kidogo.
Hicho kitu kidogo kimenitesa wiki nzima.

Mama hawezi tena kuzifumbata saba.
Tangu Shaabani mkono wake wa kushoto
umekuwa mgeni, umekaa pajani,
umekunja vidole, ukiitwa hauitiki.
Na dhumna, wachezaji wanajua,
yataka mikono miwili:
mmoja wa kuficha, mmoja wa kupiga.

Ijumaa tatu alisema kichwa kinamuuma.
Bi Thuraya akaja, akanywa kahawa, akaondoka.
Bi Ghariba akaja na halua ya Barka,
nusu yake akarudi nayo.
Boksi la kete likahamia juu ya friji,
karibu na dawa.

Gogo nimelipata Ibra kwa Mjomba Nabhan,
mkunazi uliokatwa kupisha ukuta wa jirani.
Akanipakilia kwenye buti: "Una karamu ya kuchoma nyama?"
Akataka kunifungia na majani katika gunia.
Majani ya mkunazi, kila nyumba inajua
yanawekewa siku gani.
Nikasema gari limejaa.

Wadi Kabir, Julai, saa tano asubuhi,
bati la karakana lalia kwa joto.
Kiarabu cha fundi Shajahan ni cha mbao na misumari,
changu cha mafaili na mihuri;
havikukutana.
Tukasemezana kwa penseli.
Akachora mfereji umesimama wima, nikakataa.
Akachora tena, umeegemea nyuma kidogo
kama mtu anayesikiliza asiyoyaamini.
Huo.

Msumeno akaushika yeye. Msasa akanitupia mimi.

Cha kwanza kilikuwa na mfereji mfupi wa kina:
kete zikalala chali, siri zote nje.
Cha pili kilikuwa kisima:
kete zikazama hadi kiunoni,
sita ikasomeka tatu.
Tukacheka, kila mtu kwa lugha yake.
Cha tatu nikakitikisa, nikakigonga, nikakipiga dafrau.
Kete saba zikasimama kama wanafunzi
mwalimu mkuu anapopita.

Shajahan akainua kidole: kimoja?
Nikainua vinne.
Akanitazama. Mgonjwa si mmoja?
Hilo sikuweza kulichora.
Kibao kimoja ni mkongojo.
Vinne ni vyombo vya mchezo.
Akatoza vinne, na bei ya wembe wa msumeno
uliokatikia kwenye fundo la mkunazi.

Mabela, Ijumaa, baada ya isha.
Nimevipanga mezani kabla hawajaingia,
kila kiti na kibao chake.
Bi Thuraya akakisukuma kwa kucha:
"Mimi nina mikono yangu."
Mama hakuinua uso.
"Weka hapo, Thuraya. Ndiyo desturi ya nyumba hii."
Desturi ya dakika tano.

Akakichukua chake kwa mkono wa kulia,
akakinusa.
"Mkunazi."
"Wa Ibra, Mama."
Akaniangalia kupita muda wa kuangalia tu.
"Na majani?"
"Nimeyaacha."
"Umefanya vyema. Zamu yangu bado."

Akazipanga saba, moja moja, polepole,
na wale watatu, midomo yao mikali yote,
wakangoja bila neno,
wakajifanya wanatafuta miwani.

Kisha dabali-sita ikatua.
Vikombe viliruka. Paka alitoka nje.
Mkono wa kushoto ulibaki pale pale pajani,
haukusogea hata ukucha,
ila hakuna aliyeutazama tena.

Mimi nilikuwa mlangoni na trei,
unga wa mti ungali kwenye kucha,
nikidhani nimemaliza kazi.
"We Salha," Mama akasema, macho kwenye kete,
"hiki cha Ghariba chayumba.
Kesho kakipige msasa.
Na mwambie fundi wako
mfereji uwe mrefu kidogo:
leo nitampitisha mtu hapa
mpaka kete zimjae."