Mafungu Kumi na Moja

Jumapili padri aliwaweka Sheria na Neema
kama wake wenza, nyumba moja, ukuta katikati,
huyu anapika, yule amenuna.
Nikatikisa kichwa. Mke wa mzee wa kanisa akanitazama.

Lakini mimi ni binti wa Yustino Mhina,
karani wa mkonge, Ngomeni.
Nimewaona wote wawili wakiishi
katika mikono ya mtu mmoja.

Baba alikuwa na ufito.
Jani lisilofika alama alilitupa kando.
Majani thelathini, fungu. Mafungu sabini, siku.
Siku iliyotimia ilitiwa alama kwenye kipande;
isiyotimia, kisanduku kilibaki cheupe
kama jicho la kipofu.
Hakumwongezea shemeji. Hakumpunja adui.
Kambini walimwita Jiwe.

Na adui alikuwapo: Singano,
aliyesimama kilabuni akatangaza
kwamba karani huhesabu kila kitu ila watoto,
maana angewahesabu angejua si wote wake.

Siku ya thelathini ya kipande chake,
pombe ya jana bado kichwani,
Singano aliacha mstari jua likiwa juu:
hamsini na tisa.
Baba akaandika hamsini na tisa
kwa penseli ya kopi, ile ukiilamba
ulimi unageuka zambarau,
ile isiyofutika.

Usiku nikasikia komeo.
Mama: "Wapi saa hizi?"
"Hesabu haifungwi mpaka toroli lije."
Akachukua kisu, chemli, na ufito.

Alirudi jogoo wa kwanza ameshawika.
Mkonge hauna adabu kwa mtu wa daftari:
miiba imezama vidoleni,
utomvu unamuwasha hadi kiwiko.
Mama akachemsha maji ya chumvi.
Mimi nikaitoa miiba kwa sindano,
ambayo kwetu Bondei huitwa singano,
nikihesabu, maana ndivyo tulivyolelewa.
Nilifika arobaini, nikaacha.

Saa kumi na mbili toroli lilikuta sabini.
Yale kumi na moja yamefungwa vibaya,
fundo la mkono usiozoea,
lakini kila jani lilifika alama.
Majani mia tatu na thelathini,
aliyapima gizani, moja moja.

Singano hakushukuru.
Alisimama relini akafoka:
"Niachie yangu! Hamsini na tisa!
Nani alikuomba?"
Baba akalamba penseli.
"Yako nimeyaandika. Sikufuta. Nimejaza."
"Sitaki!"
"Yameshapakiwa."

Watu husema aliacha pombe tangu siku ile.
Si kweli; Krismasi nilimwona mtaroni akiimba.
Ila hakupita tena mbele ya nyumba yetu
bila kuvua kofia,
na aliivua kwa hasira.

Sasa ufito uko kwangu, mjini Tanga,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
nyuma ya mlango. Alama yake haijasogea.
Kuna usiku najipima nao:
neno nililomtupia dada yangu msibani,
sadaka niliyotoa nikichungulia nani ananiona.
Napungua.
Ufito hausemi uongo,
wala hauna mkono wa kunivuta.

Nazima taa.
Halafu huko mbali, upande wa Ngomeni,
au karibu kuliko shuka,
kisu: kacha. Kacha.
Mtu anakata,
na sikumwomba.